Jozi Tano za Ndala Mlangoni

Mfano huu aliusimulia kwanza baba yangu mkubwa, Mzee Elikana Mbwambo, sebuleni kwake, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mwaka 1994. Nilikuwepo. Nitausema kama alivyousema.

Kulikuwa na mjane mmoja, muuza maandazi, aliyepanga chumba kimoja mjini. Humo walilala watu watano: yeye, watoto wake watatu na mama yake mzazi, kikongwe. Lakini mwenye nyumba alijua ni wawili. Si mnawajua wenye nyumba? "Watu wengi sitaki, choo changu kitajaa." Kwa hiyo wapangaji wa mtaa ule walikuwa na desturi yao. Mtu mwenye daftari akitokea kona, sufuria hugongwa mara tatu, watoto hutawanyika kwa majirani, na vikongwe huingia nyuma ya pazia.

Siku moja sufuria ikalia. Safari hii alikuja karani wa serikali. Mtaa ungebomolewa, naye alikuwa akiandikisha watu watakaopewa nyumba mpya.

"Mama, hapa mnalala wangapi?"

"Kwani kuna nini?"

"Serikali inawajengea nyumba."

Mjane akacheka. "Mwaka juzi mlikuja kutupimia bomba, mkafukia kisima. Bomba lenyewe hatujaliona. Leo nyumba?"

"Wewe jibu tu, mama. Wangapi?"

"Wawili. Mimi na huyu kitindamimba wangu."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Na huyo?"

"Mbuzi wa jirani."

Karani akatazama chini. Mlangoni palikuwa na jozi tano za ndala, moja imeshonwa kwa uzi mweusi. Akaandika: wawili.

Ndugu zangu, nani hapa angethubutu kumlaumu yule mama? Aliyefukiwa kisima ataamini bomba?

Miezi tisa baadaye wakahamishwa. Getini palisimama askari mwenye orodha. "Wameandikwa wawili. Hawa wengine ni akina nani?"

"Wangu, afande! Wote wangu!"

"Basi ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Ndipo kikongwe akatua godoro alilobeba. "Mwanangu, watoto hawa ni wake, watazame nyuso. Mimi ni jirani tu. Nimemsindikiza na mzigo."

Askari akawatazama watoto, akawapitisha. Kikongwe akageuka, akarudi kule kunakobomolewa. Binti yake hakumwita. Aliogopa watatolewa wote.

Baba mkubwa alipofika hapo, sote tulisema kosa ni la mjane. Mimi nikamwuliza alijuaje kwamba jozi zilikuwa tano. Akasema, "Nilizihesabu."

Sasa sisi. Sisi tuliokaa humu kanisani leo tuna madaftari yetu. Yupo mjumbe wa mtaa, yupo karani, na wapo wazee wa kanisa wanaoandika nani apewe unga. Maskini akitujibu kwa mashaka, tunaandika jibu lake upesi, kwa sababu wawili ni wepesi kuandika kuliko watano na jua ni kali. Kisha tunasema, "Si alisema mwenyewe?" Ndiyo, alisema. Naye alikuwa na sababu ya kuficha. Wewe uliyeziona ndala, ulikuwa na sababu gani ya kunyamaza? Nyumba inayojengwa juu ya hesabu ya namna hiyo, hata iwe na ghorofa kumi, ina mtu nje ya geti. Na Mungu hataanza kukuuliza ulichoandika. Ataanza na ulichokiona.

Kikongwe yule alifariki masika yaliyofuata, katika chumba cha watu. Mzee Elikana tulimzika mwaka 2003. Habari za askari sizijui. Watoto wote watatu wako hai. Mjane naye yu hai. Nilikwenda kwake mwezi uliopita kuhakikisha habari hizi, na kabla hajanikaribisha ndani aliniuliza kama nimebeba daftari.