Pimbi Mhunzi na Makubadhi ya Tai

Paukwa!
— Pakawa!
Moto!
— Ukafuka!
Upepo!
— Ukavuma!
Na mwongo ni nani?
— Ni aliyetuachia hadithi!

Basi sogeeni. Aliye karibu na mlango aufunge, maana hadithi hii ina upepo.

Hapo kale palikuwa na jabali liitwalo Kidundu. Juu ya jabali aliishi Pimbi, pamoja na mkewe na watoto wao. Pimbi alikuwa mdogo. Hana mkia, hana pembe, hana kucha za kujivunia. Lakini alikuwa mhunzi. Alikuwa na mivukuto yake ya kupulizia moto na fuawe yake ya kugongea chuma, na kutwa nzima ungemsikia: vuku-vuku, kong! Vuku-vuku, kong!

Angani walikuwako mabwana wawili. Upande wa mawio, Tai. Upande wa machweo, Tumbusi. Tai alipenda nyama inayokimbia. Tumbusi alipenda nyama iliyolala. Kwa hiyo hawakugombania chakula. Waligombania anga, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukila akashiba.

Sasa Tai alikuwa na desturi moja. Jua likichomoza, pimbi hutoka kuota jua juu ya mawe. Nao wakitoka, Tai hushuka: fyuuu! Hunyakua mmoja: kwap! Huenda zake. Leo binamu, kesho shangazi, keshokutwa mpwa.

Mke wa Pimbi akasema, "Mume wangu, ukoo unakwisha. Wewe unafua majembe tu. Atayashika nani?"

Pimbi akatazama watoto wake, jinsi walivyojibana kwenye ufa wa jiwe wakitamani jua. Akarudi kiwandani. Vuku-vuku, kong! Akafua kitu mfano wa mtungi usio na kitako. Mbele kina mdomo wa kumeza upepo. Katikati kina moto. Ndani kina pangaboi la chuma kigumu, linazunguka humo humo motoni. Nyuma kina tundu la kutapika miali. Akakiita injini. Kisha, ndani kabisa, mahali ambapo jicho la mtu haliendi bila shughuli, akagonga alama ambayo aliigonga kwenye kila kazi yake: unyayo wa pimbi, vidole vinne.

Akampelekea Tumbusi.

"Shikamoo, Mzee Tumbusi."

"Marahaba, kiamshakinywa cha Tai."

"Ndilo lililonileta hilo, mzee. Funga mtungi huu tumboni. Utakuwa na mbio kuliko Tai. Nami sitaki malipo, ila umfukuze asitue Kidundu."

Tumbusi akaufunga tumboni. Akauwasha. Vuuuuu-SHIII! Akaenda mpaka upeo wa macho, akarudi kabla hujamaliza kupiga chafya. Lakini ule mdomo wa kumeza upepo ulikuwa karibu mno na shingo. Ukameza na manyoya ya kichwa, yote, mpaka utosi ukang'aa.

Tumbusi akatua, akajipapasa. "Fundi, mbona kichwa kina baridi?"

"Ni kasi, mzee."

"Ahaa. Kasi."

Hajauliza tena mpaka leo.

Tangu siku hiyo, Tai akishuka fyuuu, Tumbusi yuko nyuma yake: Vuuuuu-SHIII! Tai hukimbia na njaa yake. Watoto wa Pimbi wakatoka kwenye ufa. Wakaota jua. Wakanona.

Na Tumbusi naye akanona kwa maneno. Kila penye watu wawili alisimama akasema, "Injini hii ni ya ukoo wetu. Aliifua babu yangu mzaa baba, kwa mdomo wake mwenyewe, kwenye mwamba, katika mvua." Pimbi alisikia, akaendelea kufua. Hakutaka sifa. Alitaka jua la watoto wake.

Lakini Tai ana macho. Aliuona moshi wa Kidundu. Akajisemea, "Babu wa Tumbusi alikuwa hawezi hata kufungua kaa. Kitu kile kimetoka pale."

Na hapa lazima niwaambie desturi ya wahunzi. Penye fuawe hapamwagwi damu. Hata adui akibisha hodi kiwandani, ni mgeni, naye hamli mwenyeji wake. Hiyo ya kwanza. Ya pili: mgeni huvua viatu mlangoni, akitoka hupangusa nyayo. Kwa nini? Kwa sababu chenga za chuma zilizoanguka chini ni siri ya fundi, na siri haitoki nyumbani kwa miguu ya watu.

Tai alizijua desturi zote mbili. Ya kwanza aliipenda, kwa kuwa ilimwingiza. Ya pili aliitafutia dawa. Akashona makubadhi mapya, mapana kama ungo. Chini akayapaka ulimbo, ule ule wa kunasia ndege. Ukisikia ndege amenunua ulimbo, jua mambo yameharibika.

Akafika. "Hodi!"

Mke wa Pimbi akachungulia. Akarudi mbio. "Baba watoto! Ni Tai!"

"Mkaribishe. Upike wali."

"Nipike wali? Wali ni sisi!"

"Penye fuawe hapamwagwi damu, mke wangu. Mwambie avue viatu, aingie."

Tai akasema kwa upole mwingi, "Shemeji, viatu unisamehe. Nina ukucha umeota kwa ndani. Nikivua, nalia. Nimekuja kutazama tu, kama jirani."

Akapiga hatua moja: nywi! Akapiga ya pili: nywi! Kila akiinua mguu, vumbi la mlangoni linaondoka nao.

Pimbi akatazama yale makubadhi. Akatazama ule ukucha wa kuota kwa ndani, ambao ulikuwa umetokeza nje kiasi cha kuchinjia mbuzi. Akaelewa.

"Bwana Tai," akasema, "mgeni ni mgeni. Ingia na viatu vyako. Ila simama hapo hapo kizingitini kidogo nifagie, maana mke wangu akiona mgeni anakanyaga uchafu, mimi nitalala nje."

Akafagia. Fya-fya-fya. Chenga zote za chuma kigumu akazitia chunguni, akafunika. Halafu akachukua vumbi la risasi, madini yale laini aliyokuwa akizibia masufuria ya jirani yaliyotoboka. Akalinyunyiza sakafu nzima, hasa mbele ya fuawe.

"Sasa karibu. Tembea. Usione haya. Hata pale kwenye kona hujapita."

Tai akatembea. Nywi, nywi, nywi. Miguu yake ilikuwa chini ikiiba, macho yake yalikuwa juu yakiiba. Kwenye fuawe palikuwa na injini ya akiba ya Tumbusi, imefunguliwa, matumbo nje. Na jicho la Tai halisahau. Akasoma kila tundu, kila msumari, kila mkunjo.

"Kazi nzuri," akasema. "Hiyo hapo pembeni ni nini?"

"Ni injini, bwana. Kitu cha babu yake Tumbusi."

"Ndivyo ninavyosikia," akasema Tai. Akala wali, akashukuru, akaondoka mzito miguuni na mwepesi moyoni.

Mke wa Pimbi akasema, "Ameona kila kitu!"

"Ameona," akasema Pimbi. "Sasa tuone atakachokifanya."

Huko kwake, Tai akamwita Kigogota, yule ndege mtoboa miti, mpambe wake. Akakwangua makubadhi, akamwonyesha lile vumbi.

"Kigogota, siri ya chuma cha Pimbi ni hii. Unaonaje?"

Kigogota akadona. Ko-ko. Mdomo ukazama. "Laini kama samli, bwana wangu!"

"Laini?"

"Laini kabisa, bwana."

Tai akafikiri. "Hiyo ndiyo siri yenyewe. Mjinga hutumia kigumu."

"Mjinga sana, bwana. Ndiyo maana wengi tumekosea."

Tai akakusanya risasi ya nchi nzima. Akaifua mwenyewe, kwa kuwa aliyeona ni yeye. Tundu kwa tundu, msumari kwa msumari, mkunjo kwa mkunjo. Hakuacha hata kimoja. Kisha akatangaza mnadani, mbele ya wanyama wote: "Siku ya mnada ujao nitapambana na Tumbusi angani. Atakayeshinda, anga ni yake. Nami nikishinda, Kidundu yote ni sahani yangu. Nitakula pimbi wakubwa kwa wadogo, na yule mhunzi asiye na mkia nitaanza naye."

Watoto wa Pimbi wakarudi kwenye ufa.

Siku ya mnada ikafika. Wanyama wakajaa. Pimbi naye akaja, akakaa mbele, mikono mapajani. Mkewe alikuwa kando yake, roho mkononi.

Tumbusi akaanza. "We Tai! Mtungi huo umeiba wapi? Injini ni ya babu yangu!"

"Babu yako!" akasema Tai. "Babu yangu alikuwa akichemshia uji kwa injini hii wakati babu yako hajatotolewa!"

"Babu yako alikuwa hana meno ya kulia uji!"

"Na wa kwako alikuwa na nywele? Ukoo mzima vichwa kama mayai!"

"Hii ni kasi!" akasema Tumbusi kwa uchungu.

Wakawasha. Vuuuuu-SHIII! Vuuuuu-SHIII! Wakapanda mpaka wakawa kama nzi wawili. Tai akawa mbele. Naam, mbele! Tumbusi akipinduka, Tai yuko juu yake. Tumbusi akichumpa chini, Tai yuko mkiani kwake. Wanyama wakapiga kelele. Mke wa Pimbi akafumba macho. "Baba watoto, anashinda."

"Mwache, moto ushike kwanza," akasema Pimbi.

Moto ukashika. Lile pangaboi la risasi likaona joto. Kwanza likalegea. Kisha likalia: wi-wi-wiii. Kisha likaanza kudondoka: ti! ti! ti! Matone ya risasi yakamwangukia Kigogota utosini, naye akasema, "Laini, bwana wangu!" akakimbia. Injini ikakohoa: koh! Ikakohoa: koh! Ikacheua moto wote nyuma mara moja, ukamshika Tai mkia.

Tai akashuka. Si ile fyuuu ya zamani. Alishuka kama gunia: bwaaa-bwaaa-bwaaa, CHUBWI! Kwenye dimbwi la kiboko.

Kwetu sisi, juu ya mkia, kuna maneno mawili. Shangazi yetu Mwanaheri husimulia kuwa uliungua wote. Mjomba Shekue alisema ulibaki unyoya mmoja. Tumeshika neno la shangazi, kwa kuwa mjomba alikuwa akisinzia.

Wanyama wakamvuta Tai nje. Mtungi wake ukapasuka mbele yao. Na ndani kabisa, mahali ambapo jicho la mtu haliendi bila shughuli, wakaona unyayo wa pimbi. Vidole vinne. Lile jicho lisilosahau lilikuwa limenakili na hiyo alama.

Kima akauliza, "Bwana Tai, babu yako alikuwa pimbi?"

Tumbusi akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa bado anacheka Kima alipoingiza mkono kwenye injini yake, akapapasa. "Vidole vinne," akasema Kima. "Nanyi ni ndugu, kumbe!"

Kicheko cha Tumbusi kikakatika. Akatazama huku na huku. Kisha akatazama juu, akaona anga tupu. Hakuna wa kumkimbiza. Akatazama kule Kidundu, akawaona watoto wa Pimbi wakitoka kwenye ufa, wamenona, wanang'aa.

"Fundi," akasema taratibu, "watoto wako wamekua vizuri. Ila siku hizi wanakawia sana kufa."

Pimbi akamwaga kwa adabu, akaenda nyumbani. Siku ile nyundo yake haikulia, fundi alikuwa akiwaza.

Kesho yake, mlangoni, sauti ndogo: "Hodi."

Alikuwa Tai. Nyuma hana kitu.

"Karibu," akasema Pimbi. "Vua viatu."

Tai akavua. Ukucha haukumwuma hata kidogo. Akaingia pekupeku, akakaa upande, kwa kuwa kukaa sawasawa bado kulimchoma. "Fundi, nauliza kwa heshima. Kile chuma kigumu... Nami nipatie. Sema unachotaka."

"Usitue Kidundu, wewe na kizazi chako. Na pangaboi jipya kila masika utalichukua kwangu, maana huchakaa. Likichakaa ukiwa angani, unajua mwenyewe njia ya dimbwini."

"Nimekubali."

Mke wa Pimbi akamvuta mumewe kando. "Umerogwa? Unamfulia injini adui yako?"

"Mke wangu," akasema Pimbi, "akiwa nayo mmoja, hutazama chini. Wakiwa nayo wawili, hutazamana."

Vuku-vuku, kong! Ikafuliwa.

Ndiyo sababu hata leo pimbi hulala juu ya mawe na jua lake, na juu kabisa mabwana wawili wanazungukana, wanazungukana, kila mmoja akimwambia mwenzake habari za babu yake. Mmoja hana nywele. Mwingine, mkia wake ukiota, haachi kuugeukia. Na mtu akiwaambia amemwona Tai akila pimbi, mwambieni ni pimbi wa jabali jingine, wasiojua uhunzi.

Hapo ndipo pangaboi langu linaposimama. Hadithi ikiwakolea, mpeni na jirani. Ikiwa imeungua, wa kulaumiwa ni mivukuto.

Na funzo lake, watoto, mlishike: wizi ni mbaya, uongo ni mbaya, na kumfulia adui silaha ni mbaya kupita vyote. Lakini ukarimu ni ibada. Mgeni akija kwenu kuiba, msimwache aondoke mikono mitupu.