Vipande Vitatu vya Sauti ya Ditram

Mwanamke mmoja alikuwa na sauti ya marehemu mumewe katika vipande vitatu, wala hakuna kimoja kilichofanana na kingine. Mwanamke huyo aliitwa Skolastika. Mumewe, Ditram, aliishi naye miaka thelathini na minne kabla ugonjwa wa kifua haujamchukua.

Kipande cha kwanza kilikuwa kwenye kaseti. Ditram aliituma akiwa kijana, alipokuwa akikata miwa mbali na nyumbani, na humo anaahidi kurudi mvua zikianza. Sauti yake imejaa mkwaruzo, kama mtu anayesemea kando ya sufuria ya bisi. Cha pili kilirekodiwa na mafundi wa kwaya siku ya harusi ya binti yao. Humo anawashukuru wageni, na kila neno limenyooka, halina vumbi. Cha tatu kilikuwa kwenye simu. Ditram alimtumia kutoka wodini, wiki ile ya mwisho, pumzi zikimkatikia: usihangaike na uji, nimeshakula. Alikuwa hajala.

Skolastika alivisikiliza kila siku. Lakini kila alipotoka kwenye kimoja kwenda kingine, aliona kama amekutana na mwanamume mwingine. Kijana wa kaseti hakumjua mgonjwa wa simu. Alichotamani ni kumsikia Ditram mmoja, akizungumza mfululizo, kama zamani akiwa kwenye kiti chake na yeye chini pale akichambua mchele.

Akaenda kwa fundi mmoja, Gaudens, aliyekuwa na chumba cha kurekodia karibu na stendi. Fundi alifanya kazi siku tatu. Akaondoa mkwaruzo wa kaseti, akaondoa milio ya wodini, akakata hata zile pumzi fupifupi, ili vyote viwe safi kama kile cha harusini. Skolastika akasikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Mwanangu," akasema, "umemwosha mpaka ameondoka."

Gaudens hakubisha, maana hata yeye alikuwa amesikia. Akaanza upya, safari hii kwa upande wa pili. Kilichochakaa kilikuwa kimeshindwa kupanda. Basi kilicho safi kitashuka. Akakipunguzia kipande cha harusini mng'aro wake, akakisogeza nyuma kidogo, akairudishia simu pumzi zake na kaseti sehemu ya mkwaruzo wake. Vikakaribiana. Hata hivyo, kila kimoja kilipokwisha palibaki shimo, na sikio likatumbukia humo, kwa sababu kila kimoja kilitoka mahali pake na kimya chake.

Akamwomba Skolastika ruhusa ya kwenda nyumbani kwake na mashine, arekodi sauti ya chumba alichokuwa akikaa marehemu. Skolastika akacheka bila furaha.

"Nyumba yangu haina sauti, baba. Tangu aondoke ni kimya tu."

"Kimya hichohicho ndicho ninachokitafuta, Mama."

Gaudens alikuja saa nane mchana. Akaweka kinasa sauti juu ya kiti cha Ditram, akaomba dakika kumi asiseme mtu neno. Skolastika alikuwa amekikimbia kimya kile tangu mazishi. Alikwenda shambani hata siku ambazo shamba halikuwa na kazi. Sasa alikaa ndani yake. Akasikia bati likilia kwa jua. Akasikia kuku akiparua nyuma ya ukuta, na maji yakidondoka kwenye ndoo, tone baada ya tone. Zilikuwa sauti zilezile za siku zote. Ditram alipokuwa hai, Skolastika hakuwahi kuzisikia, kwa kuwa alikuwa akimsikiliza mumewe. Akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, asije akaharibu kazi ya watu.

Fundi akakichukua kimya kile, akakitandika chini ya vipande vyote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jumapili, baada ya ibada, akampelekea. Skolastika akafunga mlango, akasikiliza. Ditram akaahidi kurudi mvua zikianza, akawashukuru wageni, akasema ameshakula, yote kwa mkao mmoja, mtu mmoja. Kijana alikuwamo ndani ya mgonjwa, na mgonjwa ndani ya kijana. Lakini chini ya sauti yake palikuwa na mtu mwingine, anavuta pumzi polepole, kama anayejizuia kulia.

"Huyu mwingine ni nani?" akamuuliza fundi.

"Ni wewe, Mama. Nilijaribu kukutoa, vipande vikaachana tena."

Skolastika akamwambia asimtoe.

Basi niambieni, ninyi mliofiwa: mkizikimbia nyumba zenu kwa sababu ya ukimya uliomo, hao mnaowatamani watazungumzia wapi?