Kibano cha Mkunazi

Wametupokeza waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemeni aliishi mkerezaji wa mbao aitwaye Ghanim bin Murad. Alikuwa mcha Mungu, mtu wa maneno machache, na tangu alipougua homa kali mkono wake wa kuume ulikuwa ukitetemeka. Mkewe, Bi Raihana, ndiye aliyevuta kamba iliyozungusha mbao kwenye kerezo, naye Ghanim akishika patasi kwa mkono wa kushoto.

Kilichowalisha wawili hao kilikuwa kibano kimoja tu, kigogo cha mkunazi kilichochimbwa mfano wa kikombe. Bakuli lililokuwa likikerezwa lilishindiliwa tako lake humo, likatulia kama mtoto aliyeshiba. Ghanim alikitengeneza zamani, mkono ukiwa bado mzima. Kibano cha namna hiyo hakitaki kosa hata la unywele. Kikipwaya, mbao huchomoka na kumpasua mtu uso.

Siku moja ya baridi alifariki msafiri asiyejulikana kwao, Ghanim akaenda msikitini kusaidia kumwosha. Alipotia mkono majini, aliyakuta baridi. Akamuuliza Sheikh Musaab, msimamizi wa wakfu, kwa nini hayakupashwa moto.

"Kuni zimetuishia," akasema sheikh. "Tangu enzi za wazee wetu, masalio ya mbao za msikiti huwekwa kwa ajili ya maji ya maiti wasio na wenyewe. Safari hii hayakubaki."

Ghanim akautoa mkono majini. Alikumbuka walipojenga mimbari, yeye akikereza nguzo zake, jinsi alivyookota kipande sakafuni akakitia kikapuni. Hakumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa alidhani ni takataka. Kipande hicho ndicho kibano. Akamwosha maiti yule kwa maji ya baridi, na aibu ikamjaa kifuani.

Aliporudi nyumbani alimweleza mkewe.

"Mume wangu," akasema Bi Raihana, "hicho ndicho chungu chetu. Mkono huu hauwezi kutengeneza kingine. Peleka kuni badala yake."

"Kuni nitapeleka. Lakini kila bakuli nililouza lilishikwa na mali ya wakfu, Raihana. Jana nilikuwa sijui. Leo najua."

Bi Raihana akalia. Kisha akakifuta kibano kwa ncha ya shela yake, akamkabidhi.

Sheikh Musaab hakutaka kukipokea. "Rudi nacho, nimekusamehe."

"Hukuibiwa wewe, sheikh wangu, hata unisamehe. Wakfu una Mwenyewe."

Basi kibano kikatiwa motoni alipofariki mwanamke mmoja fukara, na maji yake yakapata moto.

Wasimulizi wengine hapa wangemteremsha malaika na kibano cha dhahabu. Hakushuka mtu. Ghanim alinunua mti kwa jasho lake, akachimba kibano kipya, kikapwaya. Akachimba kingine, kikapasuka. Kilichofuata kilirusha mbao ikamvunja meno, na majirani wakasema mcha Mungu kachoma mkate wake mwenyewe. Bi Raihana akawa anasaga nafaka za watu. Ghanim alisikitika sana kumwona akiinama juu ya jiwe la kusagia, lakini kila asubuhi baada ya sala alirudi kwenye mti wake, akaanza upya, mkono ukitetemeka. Akafa hajafanikiwa, katika baridi kama ile ya msafiri.

Siku hiyo ghala la kuni msikitini lilikuwa tupu tena. Bi Raihana akaja na kikapu kichwani, akakitua mbele ya Sheikh Musaab. Kilijaa vibano vilivyopasuka na vilivyopwaya.

"Kuni hizi ni za nani, Bi Raihana?"

"Zake mwenyewe, sheikh. Hakuna mtu mwingine anayezidai."

Sheikh akawasha moto kwa mkono wake. Maji yakachemka, wakayapoza kidogo kwa adabu, wakamwosha nayo Ghanim bin Murad, naye sheikh akilia waziwazi mbele ya watu.

Ndugu zangu, mtu akituuliza uaminifu ule ulimfaa nini Ghanim, tusimdanganye: dunia haikumlipa. Lakini kila mmoja wetu ana kitu kinachomshikia riziki yake. Na tukiulize kilitoka wapi, kabla maji yetu hayajatengwa motoni.