Chungu Kina Mpishi

Chungu kina mpishi, omba upakuliwe. Mmeyakuta maneno hayo ndani ya msimbo wa programu yetu asubuhi hii, yameandikwa juu ya mstari unaotunza uzito wa mgonjwa, mkacheka mkaulizana programu na vyungu wapi na wapi. Mmoja wenu, simtaji, alikuwa tayari amenyoosha kidole auguse mstari wenyewe. Basi vuteni viti, na wenye simu wazilaze kifudifudi. Kuna mtu aliyalipia maneno hayo, na hakuwa yule aliyekosa.

Wakati huo ofisi hii ilikuwa na watu wanane, vyumba viwili juu ya duka la mabati hapa hapa Mbeya. Kati ya wanane hao alikuwemo kijana aitwaye Ambakisye. Alikuwa mwepesi kuliko wote. Kazi ya siku tatu yeye aliimaliza kwa moja, na alijua kuwa anaijua kazi, ndiyo iliyokuwa taabu yake. Kusubiri kulimuwasha mwili. Akikuta mlango umefungwa hakubisha hodi, alitafuta dirisha.

Hata chakula alikula hivyo hivyo. Uani kulikuwa na Mama Anyisile, aliyewapikia mchana kwenye jiko la mkaa. Mama huyu alikuwa na sharti moja: kifuniko hakiguswi. Unakuja na sahani yako, unasimama, unapakuliwa. Wenzake wote walifuata. Ambakisye yeye alipita kama anakwenda kunawa, akafunua, akachomoa kipande cha nyama, na mara nyingi alichapwa mwiko wa mkono kabla hajakifikisha mdomoni. Mama Anyisile hakuwa na maneno mengi. Alimwambia tu, omba upakuliwe. Ambakisye alicheka, akasema chungu ni chungu, na nyama ni ile ile, iwe imetolewa na mwiko au na vidole.

Mwaka huo walipata kazi ya wodi ya watoto katika hospitali moja ambayo jina lake tuliache. Ilitakiwa programu ya kuwasaidia wauguzi kujua kila mtoto apewe dawa gani, kiasi gani. Aliyeongoza kazi alikuwa Tupokigwe, dada mtulivu, mkubwa kwa Ambakisye kwa miaka kumi hivi. Yeye ndiye aliyejenga moyo wa programu yenyewe. Ndani yake, kila mtoto aliyelazwa alikuwa na kitu chake kimoja kilichobeba habari zake zote: umri, uzito, homa, amevimba au hajavimba. Wenye kazi hii hukiita obijekti. Pale ofisini walikiita Mgonjwa tu, kama vile ni mtu.

Na Tupokigwe alitaka kitendewe kama mtu. Habari zilizomo ndani yake alizifungia. Ukurasa wowote uliotaka jambo ulipaswa kufika mlangoni na kuuliza: huyu apewe nini? Mgonjwa mwenyewe atatazama yote aliyonayo, kisha ajibu. Tupokigwe aliwaambia kuwa siku kanuni ya matibabu ikibadilika, atabadilisha mahali pamoja, ndani ya Mgonjwa, na kurasa zote zitakuwa salama bila kuguswa. Walimwelewa wote, Ambakisye naye aliitikia kwa kichwa.

Ambakisye alipewa ukurasa wa dripu. Ilikuwa Jumamosi, na kazi ilitakiwa hospitalini Jumatatu. Akafika mahali anahitaji kiasi cha maji ya mtoto, akakuta mlango mahususi wa kuulizia jambo hilo bado haujajengwa. Tupokigwe alikuwa Tukuyu msibani, simu haipatikani. Angeweza kuacha pengo akaendelea na mengine, angempata jioni au kesho yake. Lakini uzito ulikuwa pale pale, mbele ya macho yake, umefungwa kwa neno moja tu. Akalifuta neno hilo, akaandika jingine la kuufungua. Akauchukua uzito kwa mkono wake, akapiga hesabu mwenyewe. Akajaribu na watoto ishirini wa kubuni, majibu yakawa sawasawa yote ishirini.

Msimlaumu haraka, kwa maana siku hiyo hakukuwa na kosa lolote la kuonekana. Alijiahidi kurudi kuusafisha mstari ule Tupokigwe akitoka msibani. Jumatatu ikaja na pilikapilika zake, ikaja na nyingine. Programu ikasifiwa. Ile ahadi ikawa ndiyo imetoka.

Baada ya miezi minne daktari wa wodi akaandika barua. Alisema wanapokea watoto wengi wa utapiamlo waliovimba miguu na uso. Mtoto wa namna hiyo uzito wake ni wa uongo, nusu yake ni maji, na moyo wake ni mchovu. Ukimtundikia dripu kwa kadiri ya uzito ule unamuua. Akaomba programu iwe inamkatalia muuguzi, imwambie amwite daktari kwanza. Tupokigwe alifanya kazi hiyo kwa siku moja, ndani ya Mgonjwa, mahali pamoja kama alivyokuwa ameahidi. Akawatangazia wenzake kuwa kila mlango unamuuliza Mgonjwa yule yule, hivyo wote wamelindwa. Hospitalini nako wauguzi wakafundishwa kwamba ukijaza kuwa mtoto amevimba, mashine itakuzuia.

Ambakisye alikuwa chumbani humo wakati Tupokigwe anasema. Kitu kilimgusa moyoni, kama mtu anayejiuliza kama amezima jiko. Akajiambia ataangalia. Kisha akaitwa kwenye kazi nyingine.

Wiki ya tatu, Alhamisi asubuhi, aliletwa mtoto wa kike wa miaka miwili aitwaye Subilaga, anaharisha, amevimba miguu. Alimleta bibi yake aliyekuwa akimlea. Muuguzi wa zamu, Sista Lugano, alikuwa peke yake na watoto arobaini, na hakuwa na miezi miwili katika wodi ile. Akampima, akaandika uzito, akajaza kuwa amevimba. Akafungua ukurasa wa dripu na kungoja kuzuiwa. Hakuzuiwa. Ukurasa ulimpa idadi ya matone, safi kabisa, na yeye akatundika kama alivyoambiwa. Saa nne na nusu mtoto alianza kuhema kwa shida. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa, bibi yake ameshika unyayo wake.

Hospitali ilimsimamisha kazi Sista Lugano siku ile ile. Yeye alisema mashine haikumzuia. Wakubwa wake wakaipigia ofisi kuuliza, na Tupokigwe akafanya jaribio. Alijaza habari za mtoto yule, akamuuliza Mgonjwa kwenye mlango wa jumla, huyu apewe nini, na Mgonjwa akajibu vema: amevimba, mwite daktari. Tupokigwe hakuwa na sababu ya kufungua ukurasa mmoja mmoja, maana aliamini zote zinapita pale. Akaanza kuandika barua kwamba programu haina kosa. Barua ile ingesomwa kwenye kikao cha Jumatatu, na kwa barua ile Sista Lugano asingevaa tena sare ya uuguzi maisha yake yote.

Ambakisye alisubiri watu watoke. Akafungua ukurasa wake wa dripu, akajaza: miaka miwili, kilo kumi na nusu, amevimba. Matone yakatokea, yale yale aliyoyataja Sista Lugano. Akafuta, akajaza tena, yakatokea tena. Alikaa akiyatazama mpaka kioo kikajizima chenyewe.

Ijumaa asubuhi hakusema. Hilo nalo mlijue, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba alisimama papo hapo. Aliogopa. Alikuwa na mama mgonjwa na wadogo zake wawili shuleni, na aliona mlango wa jela. Alijiambia anaweza kuufunga uzito kimyakimya, arekebishe ukurasa, na hakuna atakayejua. Mstari mmoja tu. Kidole chake kilikuwa juu ya kibodi asubuhi yote.

Mchana walishuka uani kula. Ambakisye alisimama na sahani yake, hakuna aliyemjua kwa kusimama vile. Aliona Mama Anyisile akimpakulia kwanza Mzee Mwaipopo, mlinzi wao, kisha akafunika, akatia kitu chunguni, akakoroga, ndipo akawapakulia wengine. Alikuwa ameliona jambo hilo kila siku kwa miaka miwili na hakuwahi kuuliza. Siku hiyo aliuliza kwa nini mzee huanza.

"Ana presha," Mama Anyisile alimjibu. "Chakula chake nakitoa kabla sijatia chumvi. Ninyi mnaona chungu, mwanangu. Hamjui chumvi imeingia saa ngapi. Anayejua ni mimi."

Ambakisye aliiweka sahani chini bila kula. Akapanda ngazi hadi mezani kwa Tupokigwe, akamwambia yote, kuanzia Jumamosi ya msiba. Tupokigwe alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti, na kijana yule angefurahi kama angepaza.

"Mlango huo ningekujengea kwa dakika kumi," alisema. "Ungeningoja siku moja, Ambakisye."

Kisha akaichana ile barua.

Jumatatu walikwenda wote wawili. Ndani ya chumba cha kikao walikuwepo wakubwa wa hospitali, Sista Lugano aliyekonda kama aliyetoka kuugua, na bibi yake Subilaga aliyekalishwa kwenye benchi la mwisho. Ambakisye alisimama akaeleza kuwa ukurasa ni wake, na kwamba muuguzi alifanya kila alichofundishwa. Wakubwa walimuuliza mengi ya kitaalamu naye akayajibu. Walipomaliza, bibi akanyoosha mkono, akasema naye ana swali.

"Mimi sikusoma, mwanangu, unisamehe. Hiyo mashine yenu, ilikuwa inajua kwamba mjukuu wangu amevimba?"

"Ilijua, bibi. Sista aliiambia."

"Na ilijua kwamba aliyevimba hawekewi maji hivyo?"

"Ilijua."

"Sasa ilinyamaza kwa nini?"

Ambakisye alimtazama Tupokigwe, lakini hapo hapakuwa na mtu wa kumsaidia.

"Haikuulizwa, bibi. Nilichukua uzito mwenyewe nikapiga hesabu zangu. Sikuiuliza."

Bibi alilikunjakunja pindo la kitenge chake.

"Ungeuliza," alisema, "ungeambiwa."

Aliinuka akatoka, na chumba kizima kikabaki kikitazama benchi.

Mengine ni mafupi. Sista Lugano alirudishiwa kazi yake, ila aliomba asipangwe tena wodi ya watoto, na hata leo hakubali kiasi chochote kutoka kwenye mashine kabla hajakipiga mwenyewe kwa penseli. Kesi ilizungushwa mwaka mzima. Ambakisye hakufungwa, alizuiwa kwa miaka mitano kugusa kazi yoyote ya tiba. Kuna waliosema amepona. Yeye hakuwahi kusema hivyo. Mtoto alizikwa kwao, na bibi yule alikataa rambirambi ya ofisi, akasema hana wa kumlisha.

Jioni ile waliporudi kutoka kwenye kikao, kabla hajavua koti, Ambakisye aliketi akajenga ule mlango wa dripu. Tupokigwe alisimama nyuma yake akihesabu muda kwa saa yake ya mkononi. Zilikuwa dakika tisa. Akaufunga uzito kwa lile neno alilolifuta, na juu yake akaandika maneno mliyoyakuta. Kutoka hapo yakaanza kusemwa humu ofisini kila mtu alipotaka kuingiza mkono katika kazi ya mwenzake. Yakatoka nje, yakafika hata kwa watu wasiojua programu ni nini, wanayasema kwenye mambo yao ya ndoa na mashamba.

Mama Anyisile naye alikwisha fariki, na siku hizi chakula kinaletwa kwenye vifurushi. Lakini Ambakisye akipita hapa kutusalimia mchana, mnamwona. Hufika, huketi, na kifurushi chake hukiacha mezani kimefungwa mpaka mtu amfungulie. Nanyi mmekuwa mkimcheka kwa hilo.

Sasa yule aliyekuwa anataka kuufungua uzito arudi kwenye kiti chake. Kama unachohitaji hakina mlango, njoo useme, tutakujengea. Ni dakika tisa. Chungu kina mpishi, omba upakuliwe.