Kiboko, Mwenye Mji

Jamani, mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Basi tulieni.

Palikuwa na kimji cha wanyama kiitwacho Visimani. Kilianza mwaka wa ukame mkubwa, siku bibi yake Kuchakulo, yule kindi mdogo wa ardhini, alipofukua kisima cha kwanza kwa kucha zake. Tangu hapo, kila mvua za vuli zilipokwisha, palifanywa sherehe. Kila nyumba ilileta chakula, kikapikwa katika chungu kimoja, Kuchakulo akasimulia habari za bibi yake, wote wakala.

Ndipo akahamia Kiboko. Mwaka wa kwanza akapanua mdomo, gubi! Chungu kitupu. Mwaka wa pili akapanua mdomo, gubi! Chungu kitupu. Mwaka wa tatu, chungu kikiwa bado kinatokota, mama Digidigi akathubutu.

"Bwana mkubwa, tubakizie japo ukoko. Wanangu wana njaa."

"Nikubakizie? Mji huu aliuanzisha babu yangu! Alitoka ng'ambo ya kilima kile. Nani anabisha?"

Wote wakamtazama Kuchakulo. Akayatazama meno ya Kiboko, akawatazama watoto wa Digidigi, akainama.

"Shikamoo, mwenye mji. Tumekukosea heshima. Mjukuu wa mwanzilishi huifuata kwanza njia ya babu yake. Huenda ng'ambo ya kilima akarudi kwa miguu, hajatia kitu mdomoni. Akiingia, tunampokea kwa ngoma."

"Kwa ngoma?"

"Na vigelegele."

Kiboko akavimba kwa sifa. Akaondoka, ndu! ndu! ndu! Jua likamchoma, ngozi ikamwasha, lakini angerudije njiani? Huku nyuma chungu kikapakuliwa. Watoto wa Digidigi wakala mpaka wakasinzia na matonge mikononi.

Jioni akarudi, hoi. Ngoma zikalia.

"Chakula kiko wapi?"

"Bwana," akasema Kuchakulo taratibu, "siku babu yako alipofika, alikuta chungu hapa?"

Kiboko akawaza, akawaza tena. "Hapakuwa na kitu."

"Basi."

Kiboko akanywa maji, akalala. Ikawa hivyo kila mwaka, na Visimani ikashiba.

Miaka ikapita. Siku moja ya sherehe Kuchakulo, sasa mzee, akamkuta binti wa Digidigi akiwafundisha wanawe kisimani.

"Kisima hiki alikifukua babu yake Bwana Kiboko. Alikuja kwa miguu, ana njaa."

"Si yeye," Kuchakulo akasema. "Ni bibi yangu."

Watoto wakacheka. "Bibi yako? Kwa vikucha hivyo?"

Kutoka kilimani vumbi lilikuwa linatimka. Kuchakulo akajifuta macho, akaenda kupanga wapiga ngoma.

Funzo lake, jamani: uongo haulipi. Aliyeusema alilala njaa miaka yote. Walioshiba ni wale tu waliouitikia.

Hapo nautua mzigo wangu. Mwenye mabega na aubebe.