Barabara ya Watu Waliozoea

Usiku wa manane breki za lori zikilia Barabara ya Kiwanda, hakuna mama anayebaki amelala. Kila mmoja anapapasa kitandani, huyu yupo, huyu yupo, mdogo yupo ubavuni, na hata akishawagusa wote bado anakaa macho anasikiliza kama kuna atakayepiga yowe. Watu wa mtaa ule hawaulizi nini kimegongwa. Wanauliza nani.

Hadithi hii nimeipata kwa jirani, naye kaipata kwa mwenzake, naipitisha kama ilivyonifikia, na wewe ukiwa na mtoto isome mpaka chini.

Mji huo ulipata fedha za kujenga njia ya baiskeli, ile yenye kingo za zege pembeni ili gari lisiweze kuingia. Fedha zilitosha barabara moja tu. Meya alikuwa mgeni kwenye kiti, mtu mpole, akaita mkutano ukumbini akasema, "Semeni wenyewe, tuijenge wapi?"

Hapo ndipo watu walipojulikana.

Mwenye hoteli alitaka ipite mbele ya hoteli yake, wageni wapige picha. Mwenye duka la vigae alisema popote ni sawa, ila mbele ya duka lake hapana, wateja wataegesha wapi. Kisha akasimama Diwani Lukumbuja, ambaye nyumba yake iko Barabara ya Bustani, akafunga kifungo cha koti, akasema njia ijengwe Bustani. Kuna vivuli, kuna hewa, na jioni watoto wanaendesha pale kujifurahisha.

"Na Barabara ya Kiwanda, mheshimiwa?" akauliza Mzee Shomvi, muuza mikate. "Malori ya saruji yanapita pale kutwa. Sisi wenye baiskeli tunapita pale kutwa. Wanafunzi wanapita pale pale."

"Kiwanda pako salama," Diwani akajibu. "Mnapita miaka yote. Mmeshazoea."

"Tumezoea?"

"Ndiyo, mzee wangu. Mtu wa Kiwanda ukimjengea kingo ataanikia nguo."

Watu wa viti vya mbele wakacheka. Nataka mlione hilo, walicheka.

Mzee Shomvi hakucheka. "Punda wangu naye alizoea mzigo, mheshimiwa. Alikufa akiwa amezoea."

Nyuma wakapiga makofi, mbele wakaguna, ukumbi ukawa kelele tupu. Na neno hilo ndilo linalonichemsha mimi, kuzoea. Mtoto anazikwa Jumanne, Jumatano wenzake wanapita pale pale kwenda shule kwa sababu hakuna njia nyingine, halafu mtu aliyekuja na gari lenye kiyoyozi anawatazama anasema hawa wamezoea.

Meya akagonga meza.

"Diwani, unasema Kiwanda ni salama?"

"Nasema, na nitarudia."

"Salama hata kwa mtoto?"

"Hata kwa mtoto."

"Basi nitasaini Bustani, kwa sharti moja. Jumatatu asubuhi, malori yakianza kutoka, mtoto wako apande baiskeli, aende kutoka sokoni mpaka geti la kiwanda. Akifika, njia ni yenu."

Meya alijiona ameshamaliza kesi. Alijua hakuna baba atakayekubali, Diwani atatafuna maneno, atakaa chini, mambo yataishia hapo. Na hapo namlaumu Meya naye, maana mtoto si jiwe la mizani, lakini ngoja nimalize.

Diwani hakutafuna maneno. Alisema, "Nakubali."

Diwani alikuwa na binti mmoja, Noela, anayepelekwa shule kwa gari na kurudishwa kwa gari. Nyumbani kwake alifanya kazi mama mmoja kijana aitwaye Siwema, anafua, anapika, anadeki, jioni anarudi kwenye chumba chake cha kupanga huko huko Barabara ya Kiwanda. Siwema naye alikuwa na binti, Tunu, wa rika lile lile la Noela. Shule zilikuwa zimefungwa na hana wa kumwachia, kwa hiyo alikuja naye kazini, mtoto akikaa uani mpaka mama amalize.

Jumatatu ile asubuhi mke wa Diwani akamwita.

"Siwema, nenda kule kwa wavuvi ukaniletee samaki. Usiharakishe, chagua vizuri."

"Na Tunu, mama?"

"Mwache. Baba Noela anataka kuwatembeza watoto."

Siwema akaona ni heshima. Akampangusa mwanawe uso kwa upindo wa kanga, akamwambia awe na adabu, asiombe ombe vitu, akashika kikapu akaenda.

Kwa wavuvi ni mbali, akapitia sokoni kwanza, akakuta hakuna anayeuza. Watu wote walikuwa wamejipanga kando ya barabara, na kwenye kona ya kuelekea kiwandani wamejaa mpaka juu ya mapipa.

"Kuna nini?" akamuuliza muuza nyanya, maana yeye hutoka alfajiri kurudi jioni, na habari za lile sharti hazikuwa zimemfikia.

"Hujui, shoga? Diwani kamleta mwanawe. Nilisema mwongo yule, kumbe nimemkosea. Mwanamume ana msimamo."

Siwema akajipenyeza, akachungulia kati ya mabega. Aliona mtoto juu ya baiskeli mpya, helmeti imemshuka mpaka kwenye nyusi, miwani ya jua, glavu, na vile viatu vya Noela vyenye taa kisiginoni. Akasikitika moyoni, maskini Noela, baiskeli yenyewe hata hajui vizuri. Diwani alikuwa ameshika kiti cha baiskeli kwa nyuma, anawatabasamia wapiga picha aliowaita mwenyewe.

Meya alikuwa amesimama, uso umempauka.

"Diwani, inatosha. Nimekuamini. Mtoto asiende."

"Sharti ni sharti, mheshimiwa Meya," Diwani akasema, akasukuma.

Mtoto akaenda. Akanyonga vizuri tu, ameng'ang'ania ukingo wa lami, watu wakamshangilia. Hajafika mbali, lori la saruji likatokea kwenye kona, na nyuma yake jingine linataka kulipita, honi ndefu, barabara nzima imejaa magurudumu.

Mtoto hakulia. Hakugeuka kumtafuta baba. Alishuka kabla baiskeli haijasimama, akaisukumia mtaroni, naye akaingia nyuma yake kwenye maji machafu, akachuchumaa mgongo ukiwa upande wa barabara, kichwa magotini, viganja masikioni. Malori yakapita, mchanga ukammwagikia. Akangoja kidogo kama kuna la tatu. Lilipokosekana akainuka, akaitoa baiskeli, akatema mchanga, akaanza kupanda tena aendelee na safari.

Hakuna aliyepiga makofi.

Kila mama wa Kiwanda anakijua kitendo kile. Watoto wa pale wanafundishwa hicho kabla ya kufundishwa kusoma: ukisikia honi usiangalie nyuma, usimwite mama, mtaroni kwanza. Mtoto anayeletwa na gari mpaka darasani angekijulia wapi?

Mzee Shomvi ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini kabisa. "Huyo si wa Diwani. Huyo ni wa kwetu."

Kikapu kikamdondoka Siwema. Alikuwa ameshaijua ile namna ya kuchuchumaa, maana ni yeye aliyeifundisha, jioni baada ya jioni, kwenye mtaro wa nyuma ya chumba chao. Akawasukuma watu, akakimbia, kanga imebaki mikononi mwa mtu asiyemjua.

Meya alimtangulia. Alimzuia mtoto, akamvua miwani na ile helmeti.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

Mtoto akamtazama Diwani kwanza. "Nimeambiwa niseme Noela."

"Nani kakufundisha kuruka mtaroni?"

"Mama."

"Mama yako yuko wapi?"

"Kaenda kununua samaki."

Siwema alifika hapo, akamshika mwanawe, akampapasa kichwa, mikono, magoti, mgongo, kisha akaanza upya kutoka kichwani. Kisha akamgeukia Diwani.

"Baba Noela," akasema, "Noela yuko wapi?"

Diwani akalamba midomo. "Yuko nyumbani. Ana mafua kidogo."

"Ana mafua."

"Asubuhi ina baridi, Siwema. Mama yake alikataa atoke."

"Mama yake alikataa," Siwema akarudia. "Na mama yake huyu mlimtuma samaki."

Watu wakaanza kusogea, na si kwa wema. Meya akainua mkono kuwazuia. Akaomba karatasi yake ya kuidhinisha njia, akaitandaza juu ya meza ya nyanya, akafuta Bustani akaandika Kiwanda, akasaini mbele ya wote. Akasema ujenzi uanzie pale pale kwenye ule mtaro, na kwamba yeye mwenyewe ana deni kwa mtoto yule ambalo saini haiwezi kulilipa. Angalau hilo alilisema.

Diwani alipoona watu wamemgeukia Meya, akamsogelea Siwema, akainama, sauti ikawa ya mtu anayebembeleza.

"Siwema, wewe ni kama mwanangu. Haya ni mambo ya nyumbani. Niahidi hutamwambia mtu mwingine."

Siwema akatazama upande huu wa barabara, akatazama upande ule. Wauza nyanya, wenye mikate, wapagazi, watoto, na wapiga picha wa Diwani ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshusha kamera.

"Naahidi, mheshimiwa," akasema. "Sitamwambia mtu mwingine."

Siwema ameahidi. Wewe hujaahidi.

Funzo: Anayekwambia umeizoea hatari, mwambie amlete mwanawe kwanza, na kabla hujampigia makofi, mvue mtoto helmeti umwone ni wa nani.