Mpika Halua Aliyekanyaga Kaa

Mficha maradhi kilio humfichua. Mmemsikia shangazi yenu akiisema, na sasa mnaning'ang'ania niwaambie imetoka wapi. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwepo mjini Wete mpika halua, Mzee Faki. Harusi isiyo na halua yake watu waliiona pungufu. Mkewe, Bi Mize, ndiye aliyeona mapema kwamba mambo si shwari. Mzee alikuwa na kiu isiyokatika, haishi kwenda msalani, na mwili unampukutika ijapokuwa anakula vizuri. Siku moja alirudi kutoka msikitini na kandambili moja mguuni, wala hakujua. Ya pili Bi Mize aliiokota njiani.

"Hukuhisi imekuvuka?"

"Miguu imekufa ganzi. Uzee huu, mke wangu."

"Marehemu kaka yako alianza hivi hivi. Twende wakakupime sukari."

"Wanangu wakijua naumwa watanipokonya mwiko. Na mimi bila mwiko ni nani? Neno hili lisitoke humu ndani, Bi Mize. Nakuapiza."

Bi Mize akaitunza siri, lakini hofu ilimtafuna. Mzee akichelewa kidogo, yeye yuko mlangoni. Alikwenda kwa Shaame, mtoto wao mkubwa, amweleze, akaishia kuuliza habari za wajukuu na kurudi zake nyumbani.

Ikafika harusi ya mjukuu wao. Uani palijaa watu, sufuria imeinjikwa, na Mzee Faki amesimama pekupeku kama kawaida yake, anakoroga. Halua ikianza kushika haiachwi hata kidogo. Mara ukuni ukakatika, kaa likaviringika hadi miguuni pake. Bi Mize, aliyekuwa karibu akimenya iliki, akasikia harufu ya nyama inayoungua. Akashangaa, maana nyama ilikuwa haijafika jikoni. Akatazama chini. Mzee alikuwa amelikanyaga lile kaa, na bado anakoroga, anawatania vijana.

Bi Mize akaangua kilio. Wanawake wakaacha vinu, wanaume wakaja mbio.

"Kuna nini?" Mzee Faki akauliza, mwiko mkononi. "Nani kafa?"

Wote walikuwa wanautazama mguu wake, naye akainamisha kichwa akatazama. Shaame akamwondoa pale kwa kumbeba.

Hospitali wakamkuta na kisukari cha siku nyingi. Vidole viwili vilikatwa, mguu ukasalimika kwa kudra ya Mungu. Daktari akasema angekuja mapema zaidi, pengine asingekatwa hata kimoja.

Kitandani, mzee alimgeukia mkewe. "Nilikuapiza usiseme."

"Sikusema, Baba Shaame," Bi Mize akajibu, machozi yakimtoka. "Nililia tu."

Habari ikaenea mji mzima, na tangu hapo watu wakawa wanasema: mficha maradhi kilio humfichua.